Swichi kumi kwenye Mkonga, na spotilaiti zinazowaka kinyume

Juzi kati alikuja dereva mmoja wa safari hapa Arusha na Mkonga yake, Land Cruiser 79 iliyokatwa ikarefushwa ikawekwa na paa la kunyanyua, akapaki, akashuka, hata salamu hazijaisha akaniambia "fundi, hizi spotilaiti zangu zina majini". Nikamwambia haya, niambie hayo majini yanafanyaje. Akasema akiwasha taa za dimu spotilaiti nazo zinawaka, akipiga fulu zinazima. Yaani kinyume kabisa, usiku anakutana na lori njia ya Makuyuni, kwa heshima anashusha dimu, na hapohapo anammwagia mwenzake usoni mataa mawili ya wati mia mia. Fundi wa kwanza alishabadilisha rilei tatu na swichi mbili, mwisho akamwambia we zoea tu.

Hamna majini pale, na rilei zote tatu zilikuwa nzima. Ila ili uelewe kilichokuwa kinatokea inabidi tuanzie chini kidogo, maana hili swala la kuongeza swichi na mavifaa kwenye gari la porini wengi wanalichukulia kama kuongeza soketi sebuleni, unavuta waya, unafunga, taa inawaka, umemaliza. Na kuwaka inawaka kweli. Shida inakuja miezi mitatu baadae ukiwa na wageni sita huko Serengeti kati ya Naabi na Seronera, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, na kuna harufu ya plastiki inayoungua ambayo kila mtu ameisikia ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuisema.

Hesabu ni moja tu

Wati gawanya kwa volti unapata ampea, na ampea ndo kila kitu, ndo inayoamua unene wa waya, fyuzi, rilei, yote. Taa mbili za wati 100 ni wati 200, gawanya kwa 12 unapata karibu ampea 17. Baa ya LED ya wati 120 ni ampea 10. Friji ya kompresa, hizi za kuwekea soda na maji ya wageni, ikiwa inazunguka inakula ampea 4 mpaka 5 hivi. Kompresa ndogo ya kujazia upepo inaweza kufika ampea 30. Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya wati 1000 ukiitumia yote ni ampea 83 kwenda juu, kwa sababu na yenyewe ina chake inachokula kabla hajakugawia. Na winchi, ikianza kuvuta gari lililozama kwenye udongo mweusi wa kipindi cha masika, ampea 400 sio ajabu, ndo maana winchi inafungwa na manyaya yake manene kama kidole moja kwa moja kwenye betri, na dashibodini kinachokuja labda ni waya mwembamba wa kuiruhusu tu. Mtu atasema lakini injini ikiwa inaunguruma altaneta, yaani jenereta ya kuchajia betri, inatoa volti 14 sio 12, ni kweli, we piga kwa 12, ukikosea utakuwa umekosea upande salama.

Sasa chukua zile swichi nzuri zinazouzwa mjini, zina kitaa cha bluu na kipicha cha spotilaiti, nyuma zimeandikwa ampea 20. Mimi hayo maandishi kwenye swichi ya bei ya chini huwa naamini nusu. Lakini hata kama ni kweli bado haifai umeme wote wa taa upite pale, na hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanadhani tatizo ni swichi kuungua tu. Tatizo lingine ni safari. Umeme ukitoka kwenye betri uingie kebini upite kwenye swichi halafu urudi tena mbele kwenye bampa, kwenye Land Cruiser mita 5 za waya zinafika bila jasho. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule mwembamba ambao mafundi wengi ndo wanao dukani, na unapitisha ampea 17, njiani peke yake unapoteza karibu volti moja nzima. Volti moja inaonekana ndogo eti. Balbu za halojeni haziko hivyo, mwanga wake unashuka haraka kuliko volti zinavyoshuka, kwaiyo hiyo volti moja inakuibia zaidi ya moja ya tano ya mwanga uliolipia. Na haijapotea hewani, imegeuka joto ndani ya waya ulioupitisha chini ya kapeti.

Rilei, yaani mtu wa kutumwa

Dawa yake ni rilei. Ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, ndani kuna koili ya waya mwembamba, ukiipa umeme kidogo inageuka sumaku, inavuta kibati, kibati kinaunganisha njia kubwa. Ule mlio wa tik unaousikia chini ya boneti ni hicho kibati. Koili yenyewe inakula kama ampea 0.15 mpaka 0.2, yaani swichi yako ya dashibodi sasa inabeba hiyo 0.15 badala ya 17, na waya wa kwenda kebini unaweza ukawa mwembamba kama wa spika na usipate shida yoyote. Mzigo wenyewe unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye rilei iliyoko hapohapo kwenye injini, unaenda kwenye taa, njia fupi, waya mnene.

Miguu ya rilei ina namba, na hizo namba ni za kiwango cha Kijerumani kinaitwa DIN 72552, kwaiyo ni zilezile uwe umenunua Arusha au Dubai. 30 ni moto, yaani chanya, kutoka betri. 87 ni kwenda kwenye taa. 85 na 86 ni koili. Ukiona na 87a katikati, hiyo ni ile inayoshikana rilei ikiwa imelala, usipoihitaji achana nayo, lakini usiichanganye na 87 maana taa zitawaka muda wote mpaka ubonyeze swichi ndo zizime, na hilo nimeliona zaidi ya mara moja. Kitu kingine, kuna rilei zenye dayodi ndani, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kuzuia mshtuko wa umeme koili inapozima, hizo 86 lazima iwe chanya na 85 hasi, ukigeuza dayodi inapiga shoti na fyuzi inakatika na utazunguka siku nzima kutafuta waya uliochubuka ambao haupo.

Majini ya Toyota

Turudi kwa yule dereva. Watu wanataka spotilaiti zifuate fulu, ukipiga fulu ziwake, ukishusha zizime, na swichi ya dashibodi iwe ya kuzikata kabisa ukitaka. Wazo zuri. Kwaiyo fundi anachukua testa, kile kitaa cha kupimia umeme, anafunga klipu yake kwenye bodi, anachomoa soketi nyuma ya taa kubwa au anachoma waya, anatafuta ambao una moto wakati wa fulu ili auingize kwenye koili ya rilei, na mguu mwingine wa koili anaufunga bodini kama ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Kwenye magari mengi hiyo inafanya kazi vizuri tu. Kwenye Land Cruiser nyingi, hizi za 70 na wenzake wa 80 na 100, ndo inakuletea majini.

Sababu ni kwamba Toyota kwenye hizo gari hawakatizi moto, wanakatiza ethi. Balbu ya H4 ina miguu mitatu na ndani ina nyuzi mbili, mmoja wa dimu mmoja wa fulu, mguu mmoja ni wa wote wawili. Magari mengi ule mguu wa wote umefungwa bodini na swichi inapeleka moto ama kwa dimu ama kwa fulu. Toyota hawa wamegeuza, ule mguu wa wote unapewa moto ukiwasha tu taa, iwe dimu iwe fulu, na miguu mingine miwili inarudi kwenye swichi ya usukani ambayo inaamua ipi ipewe ethi.

Fikiria sasa umewasha dimu. Mguu wa dimu umepata ethi, taa inawaka. Mguu wa fulu haujapewa chochote, uko hewani, lakini kwa upande wa pili wa uzi wake kuna moto kutoka kwenye mguu wa wote, kwaiyo moto unapita kwenye uzi wa fulu na kutokea huku. Ukigusa na testa, testa inawaka. Fundi anasema hee hapa pana moto, anaunga koili, mguu wa pili bodini. Koili inahitaji ile ampea 0.15, uzi wa balbu ukiwa baridi haumzuii mtu kwa umeme mdogo hivyo, na 0.15 haitoshi hata kuufanya uzi uone haya, kwaiyo balbu ya fulu haiwaki ila rilei inavuta. Tik. Spotilaiti zinawaka kwenye dimu. Halafu dereva anapiga fulu, swichi ya usukani inaupa ule mguu ethi, sasa koili ina ethi huku na ethi kule, hakuna cha kuivuta, inaachia. Tik. Zinazima. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa, hata ungebadilisha rilei mia.

Kurekebisha kulichukua nusu saa na sikununua hata kitu kimoja. Koili mguu wa 86 nikaupeleka kwenye ule mguu wa wote wa balbu, wenye moto, na 85 nikaupeleka kwenye mguu wa fulu, njiani ukipita kwenye swichi ya dashibodi. Kwenye fulu huku moto kule ethi, inavuta. Kwenye dimu huku moto kule moto, inalala. Mzee alipiga fulu-dimu-fulu-dimu kama mara ishirini pale nje akicheka peke yake.

Kwaiyo ukitafuta waya kwenye Toyota pima mara mbili, mara ya kwanza klipu ya testa ikiwa kwenye hasi ya betri, mara ya pili ikiwa kwenye chanya, ndo utajua nani anatoa moto na nani anatoa ethi. Na hata kabla ya hapo weka mita kwenye betri yenyewe, maana kuna Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ambazo ni za volti 24, betri mbili zimefungwa mfululizo, na baadhi ya zile Land Rover za jeshi la Uingereza ni hivyohivyo. Mtu anaona betri mbili anafurahi anasema hii moja ntaitumia kwa friji na redio. Ukinyonya volti 12 kutoka betri moja ya hizo mbili, inakuwa inachoka wakati mwenzake amejaa, altaneta inaziona kama kitu kimoja inaendelea kuchaji, moja inabaki na njaa nyingine inachemka, na zote mbili unazizika mapema. Hapo unahitaji konveta ya kushusha 24 iwe 12, hamna njia ya mkato.

Waya, fyuzi na ethi

Fyuzi hailindi taa. Narudia hili kwa sababu hata mafundi wazoefu nawasikia wakisema weka fyuzi kubwa taa zisizime. Fyuzi inalinda waya. Taa ikifa imekufa, waya ukipiga shoti bila fyuzi betri inaweza kutoa mamia ya ampea ndani ya sekunde na waya unageuka kuwa jiko. Kwaiyo ukubwa wa fyuzi unaupata kwa kuangalia waya unaweza kubeba nini na mzigo unakula nini, mzigo wa ampea 17 kwenye waya wa milimita 4 za mraba mi naweka ya 25. Na inakaa karibu na betri, kama shubiri moja hivi, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kikichubuka ndo basi. Nimeshaona fyuzi imewekwa vizuri kabisa dashibodini, mita mbili kutoka betri, mita zote hizo mbili zikipita juu ya chuma cha injini zikicheza. Rangi zake uzikariri, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani, na ukifungua gari ukakuta kila tundu kuna kijani ujue kuna mtu alichoka kutafuta tatizo akaamua kulinyamazisha.

Waya wenyewe sasa. Wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mgumu ndani, usiweke kwenye gari, hata kama fundi anakwambia ni milimita 2.5 safi kabisa. Ule umetengenezwa ukae kwenye ukuta utulie mpaka nyumba ibomolewe. Barabara ya Serengeti ina vile vimawimbi vya korugesheni, gari linatetemeka masaa matatu mfululizo, uzi mmoja unakatika kwa ndani kama waya wa hanga unavyokatika ukiukunja huku na huku, na kwa nje hauoni kitu. Chukua wenye nyuzi nyingi. Halafu kuna huu ujanja mwingine wa siku hizi, waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, unauzwa sana kwenye seti za muziki wa gari, mnene unavutia bei poa, ila aluminiamu inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, kwaiyo unene wake unakudanganya. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukianza mwekundu ukaja mweupe ndani, ni huo. Ukianza mweupe ukaja mwekundu usiogope, hiyo ni shaba iliyopakwa bati na ni nzuri kuliko zote, hasa kwa magari yanayoshuka pwani kwenye chumvi.

Kwenye kuunga, mi siku hizi nabana lagi, kile kichwa cha chuma cha kuungia waya, kwa koleo lake halafu navalisha ule mpira unaosinyaa ukipigwa moto. Najua kuna wazee wa risasi ya kuchomea waya watakaobisha, na risasi inashika kweli, shida ni kwamba ikiyeyuka inapanda ndani ya waya, inafanya kipande kigumu, na pale kigumu kinapoishia laini inapoanzia ndo mtetemo unapokata. Ukilazimika kutumia risasi basi funga waya vizuri pembeni yake usicheze. Na vile viklipu vya kubana juu ya waya wa gari vikauchoma bila kuukata, siviweki, maji yanaingia, kijani kinaota, baada ya mwaka taa ya nyuma inawaka ikijisikia.

Kupita kwenye bati linalotenganisha injini na kebini lazima kuwe na mpira wa tundu. Lazima kabisa. Tundu la bati bila mpira ni kisu, na gari likitetemeka kisu kinafanya kazi.

Ethi watu wanaidharau kwa sababu haina rangi nyekundu. Ampea 17 zilizokwenda kwenye taa ni ampea 17 zinazorudi, kwaiyo waya wa ethi uwe mnene sawa na wa moto, na pale unapoufunga kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, paka grisi juu. Magari yaliyorefushwa yana kisa chake hapa, bodi imekatwa na kuchomelewa na mpya imepakwa rangi kila kona, nati ya nyuma inaonekana imeshika chuma kumbe imeshika rangi tu. Taa zikiwa hafifu au soketi za nyuma zinachaji mwendo wa kinyonga, kabla hujalaumu chochote weka mita kati ya hasi ya betri na pale ulipofunga ethi huku kifaa kikiwa kinafanya kazi, ukiona zaidi ya volti 0.2 hivi umeshampata mchawi wako.

Na kama unatumia redio kolo, baa za LED za bei rahisi zinaipigia kelele. Ndani zina kisakiti kinachowasha na kuzima haraka sana na hicho kinarusha mawimbi, ukiwasha baa redio inaanza shhhhh na hausikii simba wako wapi. Antena ikae mbali na baa na waya zake zisilale pamoja. Ikishindikana badilisha baa. Na tuseme ukweli, hifadhini usiku magari ya kawaida hayatembei, sasa kuna wenye baa tatu za LED kwenye paa na mimi huwa nafunga tu, hela ni hela.

Soketi za wageni, friji, na asubuhi betri imekufa

Zamani mgeni alikuwa na kamera moja na filamu. Sasa kila kiti kinataka soketi mbili za USB. Piga hesabu, viti 7, soketi mbili mbili, kila moja wati 12, jumla wati 168, ampea 14, na hapo hatujagusa yule mwenye kompyuta. Mtu akizifunga zote juu ya waya wa kiberiti cha sigara wenye fyuzi ya 15 siku ya kwanza inakubali, siku mgeni akichomeka kompresa ya godoro la upepo inakataa. Ziwekee njia yake, fyuzi yake, na rilei inayofuata ufunguo wa gari ili ukizima gari nazo zizime, kwa sababu vitaa vyake vya bluu na visakiti vya ndani vinakula kidogokidogo hata kama hamna simu iliyochomekwa.

Friji hapana, friji inataka kuendelea gari likizimwa, ndo shida yake. Haizunguki muda wote, kwenye joto tuseme inazunguka dakika 4 kati ya kila 10, kwaiyo wastani ni ampea 1.6 hivi, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kama 16 ampea-saa, yaani ampea mara masaa. Betri nzima ya ampea-saa 70 inavumilia. Betri ya miaka mitatu iliyochoka, na Mkonga ile ya 1HZ ina injini ya dizeli ya lita 4.2 ambayo stata yake haitaki mchezo, haivumilii, na kambini asubuhi unamkuta dereva anazunguka kwenye mahema ya wenzake akiomba kubustiwa wageni wanamwangalia na vikombe vya kahawa mkononi.

Ndo maana ya betri ya pili. Ya kwanza inabaki ya stata peke yake, ya pili inabeba friji, soketi, taa za kambi, na katikati kuna kifaa kinachoziunganisha altaneta ikiwa inachaji na kuzitenganisha ukizima. Cha kawaida ni rilei inayosoma volti, ikiona volti zimepita 13.3 hivi inajua altaneta inafanya kazi, inaunganisha, zikishuka mpaka karibu 12.8 inaachia. Rahisi na inatosha kabisa kwa Mkonga. Kwenye magari mapya ambayo altaneta yake inaongozwa na kompyuta na inashusha volti ikiona betri imejaa, rilei hiyo inachanganyikiwa, hapo unaweka chaja ya betri kwa betri inayopandisha volti yenyewe. Fyuzi ziwe mbili, moja kila upande wa waya unaounganisha betri, maana pande zote mbili kuna chanzo cha umeme, na hili linasahaulika hata kwenye kazi za bei mbaya. Friji usiichomeke kwenye soketi ya sigara, inachomoka kwenye korugesheni na unakuja kugundua jioni siagi imekuwa supu. Plagi za Anderson za ampea 50 zinashika.

Mabox ya kisasa

Siku hizi kuna paneli, kakibao kembamba ka swichi nane kanabandikwa dashibodini, kawaya kamoja kembamba kanaenda kwenye boksi chini ya boneti, ndani ya boksi hamna rilei za tik tik bali transista zinazokata zenyewe mzigo ukizidi, na unaweza kupanga kwa simu swichi ipi iwake na ufunguo, ipi ipepese. Marekani wameshazoea, Jeep Wrangler ya JL ukiilipia inakuja kutoka kiwandani na swichi nne tupu, mbili za ampea 40 mbili za 15, we unaunga kifaa chako tu. Kwa magari mapya yenye kompyuta kila kona, ambayo ukichoma waya mmoja dashibodi inajaa mataa ya onyo, boksi la namna hiyo linalochukua umeme wake betri na halimgusi mtu ndo njia salama zaidi, na siku hizi ndo nalipendekeza kwa wenye gari za hivyo.

Kwa Mkonga ya kazi bado mi ni mtu wa rilei. Boksi likifa Ndutu limekufa na swichi zako zote nane, na la kubadilisha liko labda Nairobi labda hakuna. Rilei ikifa unachomoa ya honi unaichomeka pale, unaendelea, kama ni ya aina moja, na ndo maana nikifunga huwa nahakikisha zote ni za aina moja. Kipuri chake kipo mpaka kwenye duka la spea la Karatu. Halafu nachora. Karatasi moja tu ya mkono, rilei ya kwanza ni ya nini, fyuzi ngapi, waya rangi gani, inaingia kwenye nailoni inakaa kwenye kiboksi cha dashibodi, fundi atakayenifuata asinitukane.

Kabla gari halijatoka kwangu kuna kitu cha mwisho. Nazima kila kitu, nachomoa ufunguo, nafunga milango au nabonyeza swichi yake ili taa ya ndani isiwake, nachomoa kichwa cha hasi cha betri na kuweka mita katikati, kwenye tundu la ampea 10. Usiguse ufunguo hapo, ukipiga stata fyuzi ya mita inakwenda. Nasubiri dakika kadhaa vitu vilale. Ikisoma kama miliampea 30 mpaka 50, saa na redio tu hizo, sawa. Ikisoma 300, hiyo ni zaidi ya ampea-saa 7 kila siku, gari likipaki wiki mbili kipindi cha wageni wachache halitawaka. Hapo naanza kuchomoa fyuzi moja moja nikiwa nimekodolea mita, na ikitokea moja nimeichomoa namba ikaporomoka, narudi kwenye ile karatasi kuangalia hiyo fyuzi ni ya nani.